Kava Limegoma Kuingia

Salma,

Usianze kwa kucheka mwandiko. Darasa la tatu niliondolewa shule kwenda kulea mdogo wangu, na tangu siku hiyo kalamu nimeishika kwa kuandika vipimo tu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Barua ndefu kama hii hata babu yako hakuwahi kuipata kwangu, na alikuwa mume wa ndoa. Naiandika kwenye daftari langu la vipimo kwa sababu humu ndani karatasi nyingine hakuna, na kwa sababu ya pili utakayoikuta huko mbele. Usiruke kurasa. Nakujua wewe, ni mtu wa kuruka kurasa.

Umeenda Nyamagana kununua begi. Nilikwambia begi la babu yako linatosha, ukasema limekatika mkanda. Mkanda unashonwa! Nyumba ya fundi, mtu ananunua begi jipya kwa ajili ya mkanda. Haya, kanunue. Nina nafasi mpaka magharibi. Ukirudi utanikuta kwenye cherehani kama kawaida, na hutajua kama nimefanya kitu.

Ya kula, kuoga, kuswali na kuamka mapema sikuandikii. Kama miaka kumi na nane kwangu hayajakuingia, karatasi haitayaingiza. Nataka kukuandikia habari ya kochi, na kesho asubuhi basi litakapoondoka Buzuruga uwe unalo hili daftari mkononi.

Jumapili ile nilipokwambia kwamba kochi la babu utaondoka nalo, ulisimama mlangoni mkono kiunoni, ukasema, "Bibi, hilo kochi limechakaa. Wenzangu chuoni watanicheka." Wenzako wana makochi? Watakuwa wamekaa juu ya ndoo. Kochi lile ni la mninga, babu yako alilinunua kwa Mhindi mmoja wa mjini aliyekuwa anahama, na wanaume wanne walilipandisha huku juu kwenye mawe wakitukana njia nzima. Lakini maneno yako yaliniuma, sikatai. Kilichochakaa ni kitambaa, na kitambaa ndiyo kazi yangu. Nikasema nitalishonea kava.

Na ninaposema kava sisemi kitenge cha kutupia juu halafu mtu akikaa kinamfuata makalioni. Nasema kava la kubana, lililofuata mgongo, likashika mikono yote miwili, likaingia kwenye mpindo wa kiti, mto wa kukalia na gauni lake peke yake. Nimeyashona hayo kwa watu wenye nyumba zao mpaka Nyakato, na hakuna aliyewahi kunirudishia.

Nikanunua kitambaa kile cha buluu. Nikakiloweka usiku kucha, nikakianika juu ya jiwe letu pale nje mpaka kikarudi chote kinachoweza kurudi, maana kitambaa kikirudi baada ya kushonwa ni aibu ya fundi. Nikakitandaza juu ya kochi ndani-nje, nikapiga pini, nikachora kwa chaki, nikakata, nikashona. Uliiona kazi yote ukapita zako na simu yako.

Nilipogeuza na kuvalisha, kava likagoma. Mkono wa kochi ulio upande wa mlango haukuingia. Ulibana mpaka nikasikia uzi unalia. Na mkono wa upande wa dirisha ukawa umelegea, kitambaa kimejikunja kama tumbo la mzee. Nikafumua. Nikapiga pini upya, nikashona. Vilevile. Nikafumua mara ya pili. Mara ya tatu, Salma, vilevile! Nikadhani ni macho. Nikadhani futi ya kamba imevutika, nikaipima na ile ya zamani, ziko sawa. Ulipolala mchana nikapima kochi kwa shubiri zangu, zikanipa hesabu tofauti na futi, nikazidi kupotea. Sikufichi, nilifika kufikiri kuna mtu kanifanyia mambo. Kazi ambayo mikono yangu inaifanya huku nikizungumza na wageni, sasa inanishinda mimi nikiwa nimenyamaza. Ulinisikia nikikugombeza kwa sababu ya sufuria. Haikuwa sufuria.

Jana asubuhi, wewe umekwenda kupiga picha za chuo, akaja Mama Kulwa wa nyumba ya pili, akanikuta sakafuni na kava mapajani.

"Shikamoo, bibi yake Salma."

"Marahaba. Mkaa hakuna."

"Sijaomba bado!"

"Umekuja na ndoo yenye masizi, unataka uji?"

Akacheka, akaketi bila kukaribishwa, akalitazama kochi na lile kava. Akauliza kava la kochi gani, la kwangu au la jirani. Nikamweleza kwa hasira kwamba nimepima mara tatu, na mkono wa kochi na mwenzake ni mapacha, ukipima mmoja umepima wote.

"Mapacha?" akasema. "Niambie mimi niliyewazaa! Kulwa akinyonya, Doto analia. Kiatu cha Kulwa, Doto hakimwingii. Hakuna mapacha, bibi Salma. Kuna watoto wawili, basi."

Akachukua rula yangu ndefu ya mbao, akailaza kutoka mkono mmoja wa kochi hadi mwingine, akaweka rola ya uzi juu yake. Rola ikabingirika yenyewe, taratibu, ikaangukia dirishani.

Nilitaka kulia, mama. Mimi fundi wa miaka yote hiyo. Nilipiga pini kitambaa kikiwa ndani-nje, na ukikigeuza, upande wa kushoto unahamia kulia. Kwenye kochi lililo sawa huoni tofauti, ndiyo maana sikuwahi kuiona. Lakini hili letu mkono wa dirishani umezama vidole viwili. Kwa hiyo kava langu halikuwa na kosa hata moja. Lilikuwa la kochi lililosimama kinyume cha hili.

Nikasema, basi ni babu yako. Alikuwa anaegemea upande ule akisikiliza redio.

"Mzee?" akasema Mama Kulwa. "Mzee na redio yake walikuwa barazani mpaka mbu wakamjua kwa jina. Mkono huo kaukalia Salma. Akitoka madrasa tu, juu, miguu inaning'inia, pua kwenye kioo. Na wewe kila siku, 'Shuka, unavunja kiti!' Umesahau?"

"Alikuwa anaangalia nini?"

"Unaniuliza mimi?" Akashusha sauti. "Umemwambia?"

Nikamwambia achukue mkaa aende zake. Akachukua. Akachukua mwingi.

Tangu jana kichwa changu hakikai. Namwona babu yako ameegemea pale, namwona waziwazi na shati lake la mistari. Halafu nakuona wewe, na goti lako lenye kovu. Siwezi kusema ni yupi aliyeuzamisha mkono ule. Wewe ndiye unayejua. Kama ni wewe, najua ulikuwa unaangalia njia ya kupandia. Na kama ulikuwa unaangalia njia, basi lazima nikwambie aliyeipita.

Siku barua ya chuo ilipofika na kusema Musoma, nilikaa nikikunja na kukunjua futi yangu. Miji yote ya Tanzania, uuguzi ukasomee Musoma. Ukanishika bega, ukaniambia, "Usiogope, Bibi. Kwa yule mwanamke sikanyagi. Aliyenitupa simtafuti." Nami nikajibu, "Sawa." Nikasema sawa! Nikaja nikachukua mkasi nikakata kitambaa cha kochi bila kulisema. Kitambaa usikikate ukiwa na jambo moyoni, nilishawaambia wanafunzi wangu wote, na mimi nikakikata.

Mama yako hakukutupa.

Nimeliandika. Sasa niache niandike mengine kabla sijalikata kwa mstari.

Mwajuma alipoolewa mara ya pili akaenda Musoma na mumewe, ulikuwa na miaka miwili. Alikuacha kwangu akasema, "Mama, miezi mitatu tu, nikipata nyumba namchukua." Haikuwa mitatu, ilikuwa zaidi ya miaka miwili, na hapo nilikuwa na haki ya kukasirika, sitaki uninyime hiyo. Nilikuwa nimeshakufundisha kulala bila yeye. Lakini alikuja. Alifika asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi, amebeba mfuko. Mimi nilimwona tangu chini kwenye mawe, anapanda, anapumzika, anapanda. Nikakushika mkono nikakupitisha uani, nikakupeleka kwa Mama Kulwa. Nikamwambia, "Mpe maandazi, asitoke." Akakupokea. Alikuwa kijana wakati ule, ananiogopa.

Mwajuma akaingia, akakaa kwenye kochi la babu. "Mama, mtoto yuko wapi?"

"Kaenda Ukerewe na mjomba wake."

"Atarudi lini?"

"Meli ikirudi."

Nikakanyaga cherehani. Nilikanyaga tangu asubuhi hadi alasiri, sikuwa hata na kazi ya mtu, nilikuwa nashona vipande vya matambara, kimoja juu ya kingine, ili nisizungumze. Na wewe ukacheka. Ukuta wetu na wa Mama Kulwa ni mmoja, unajua mwenyewe, mtu akipiga chafya kule unamjibu huku. Ukacheka kicheko chako kile cha kukatika katikati. Mwajuma akainua kichwa.

"Nani huyo anacheka?"

"Watoto wa Mama Kulwa."

Akaendelea kukaa. Hakusimama. Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, Salma, na nimechanganyikiwa kwa miaka kumi na tano. Mtu hawezi kusikia kicheko cha mwanawe asikijue. Nadhani alijua. Sasa kama alijua, mbona hakuruka ukuta? Siku nyingine nasema hakujua. Siku nyingine nasema alijua akaniogopa, maana nilimlea aniogope, nikadhani hiyo ndiyo heshima. Nakumbuka alilia mlangoni. Halafu nakumbuka hakulia, alifunga kanga yake vizuri akasema, "Haya Mama, shikamoo," kama mtu anayefika badala ya anayeondoka. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli. Kimojawapo nimekitunga, na sijui ni kipi.

Usiniulize kwa nini nilifanya vile. Nimejiuliza mwenyewe. Nilisema mumewe hatampenda mtoto wa mwenzie. Sikuwahi kumwona huyo mume hata siku moja. Nilisema Mwajuma ni mvivu. Alikuwa anaamka kabla yangu. Babu yako alikuwa mgonjwa, nyumba ilikuwa na sauti yako tu. Labda ni hilo. Labda silo.

Ule mfuko ulikuwa na gauni la njano. Ndiyo, lilelile la Idi, la kwenye picha. Alilishona kwa kukisia, likawa dogo, nami mbele yake nikasema, "Hujui hata kimo cha mwanao." Alipoondoka nikalifumua ubavuni, nikaongeza vipande viwili, nikakuvalisha. Mtaa mzima wakasema, "Bibi Salma, mkono wako haujapoa!" Nami nikasema ahsante. Kazi ya mwenzangu nikaipokelea sifa, na fundi hafanyi hivyo hata kwa adui. Itazame picha. Ile kola ya mviringo si yangu. Mimi kola yangu inasimama. Ya mama yako inalala.

Sasa geuza daftari, rudi nyuma. Utaona kurasa zenye neno Musoma juu yake. Unamkumbuka "mteja wa Musoma," yule anayepiga simu Ijumaa nikatoka nje kuzungumza naye, ukawa unaniambia, "Bibi, huyo mteja wako msumbufu, hata gauni haji kuchukua"? Huyo ni mama yako. Alikuwa anaomba kukusikia. Nikamwambia umelala. Nikamwambia uko shule. Ulipokuwa darasa la saba nikamwambia usimvuruge mtoto ana mtihani, na akakubali. Akawa anaomba kitu kimoja tu: vipimo vyako. Kila mwaka. Ndiyo maana nilikuwa nakupima hata kama hakuna nguo, unalalamika, "Bibi, juzi tu umenipima!" Hivyo vyote humo ni vyako. Kuanzia mabega ya mtoto wa miaka sita mpaka ya mwaka huu. Sijui alikuwa anavifanyia nini. Nguo nilimkataza kuleta.

Ijumaa iliyopita nikamwambia, "Anakuja huko kusoma." Nikasikia anatafuta kalamu. Kisha akauliza, "Mama, mgongo umefika ngapi?" Nikamtajia. Akasema, "Amekuwa mrefu kuliko mimi."

Basi.

Mbele za watu nilisema umetupwa, ili wasiulize, na wewe ukazoea, na mimi nikasahau kwamba nilikuwa nadanganya. Hasira zako sitazizuia. Ukitaka kunikasirikia, kasirika ukiwa umeshiba, usikasirike na njaa ukaugua ugenini. Kama Idi hii hutakuja nitaelewa, au nitasema nimeelewa. Sijui nitafanya nini na chumba chako. Leo asubuhi nimeingia nikakuta umetandika kitanda bila kuambiwa, nikataka kukugombeza, nikakosa kosa.

Kuhusu kochi. Leo, ulipotoka tu, nimelipiga pini upya, safari hii kitambaa uso juu, kila upande kwa kimo chake. Ni kazi ya taabu, mishono yote lazima uihamishie ndani baadaye kwa chaki na subira. Limekaa, Salma! Limekaa kama ngozi. Nimeshona mgongo, nimeshona mto wa kukalia, nimeshona mkono wa mlangoni. Mkono wa dirishani sijaushona. Usije ukawaambia watu macho ya Bibi yameisha, macho yangu yanatunga sindano mpaka leo. Nimeuacha. Nimeupiga pini tu.

Mama yako ana cherehani. Nilimfundisha mimi, na kwenye kona ana mkono mzuri kuliko wangu, sijawahi kumwambia. Jina la mtaa wake liko ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwenye mkokoteni atakuja alfajiri kulishusha kochi, na konda wa basi nimeshamaliza naye, akijifanya amesahau mwambie ni la Bibi Fundi wa kwenye mawe, atakumbuka. Ukifika Musoma, chukua kochi ulipeleke chumbani kwako ukae nalo hivyohivyo, ni lako. Au ulipeleke kwake amalizie ule mkono. Sikulazimishi. Nilishalazimisha ya kutosha. Ukienda, usimpigie kelele siku ya kwanza. Ngoja ya pili. Na ukifika umwamkie kwanza, hata kama mdomo hautaki. Mwambie mkono ule ulizama kwa sababu gani, wewe ndiye unayejua. Mwambie asigeuze kitambaa, apime uso juu. Mwambie na lile gauni la njano, kwamba ulilivaa mpaka likachanika.

Nasikia Mama Kulwa anakusalimia nje. Umerudi na begi. Nafunga daftari, nalitia mfukoni mwa kava, upande wa mlangoni, pale nilipokushonea mfuko wa vitabu. Alfajiri, kabla ya mkokoteni, nitakwambia ulitoe.

Bibi yako,
Zainabu.

Na usilikalie kabla mama yako hajamaliza. Upande wa dirishani lina pini.